Neno "unsung": mwongozo kamili wa kulielewa na kulitumia bila kuchekwa

Nina steshenari ndogo pale Miyomboni, mjini Iringa. Kabla ya hapo nilifundisha Kiingereza, na ndiyo maana watu bado wananiita mwalimu na kuniletea barua zao nizisahihishe wakati wanasubiri fotokopi. Siku moja uongozi wa shule fulani ulinipa kazi ya kuchapa cheti cha kumuaga mpishi wao, mama aliyekaa jikoni kwa miaka mingi. Maneno ya cheti yalikuwa yametumwa na wafadhili kwa Kiingereza: "To our unsung hero." Nikaombwa kuweka na Kiswahili chini yake. Sikufikiri mara mbili, nikaandika: "Kwa shujaa wetu asiyeimbwa."

Siku ya sherehe kwaya ikaimba beti sita, zote za kumsifu mama yule. Ilipokaa tu, mshereheshaji akachukua cheti na kusoma kwa sauti: shujaa wetu asiyeimbwa. Watu wakaangua kicheko. Mama mwenyewe akanitafuta kwa macho, akaniuliza: "Mwalimu, na hao waliokuwa wanaimba hapa walikuwa wanamwimbia nani?" Kisha akaongeza, chinichini: "Tena kuimbwa nimeimbwa sana nilipokuwa msichana, na wala si kwa mazuri."

Maneno yake hayo mawili yalinifundisha kuhusu "unsung" kuliko kamusi zote nilizonazo dukani. Mwongozo huu umetokana nayo. Ni wa mwanafunzi, muongoza watalii, mwandishi wa tanzia, na mtu yeyote anayeandika Kiingereza huku kichwa chake kinafikiri kwa Kiswahili.

Hatua ya 1: Lipasue neno ulione ndani

Neno hili limeundwa kwa vipande viwili. Cha nyuma ni "sung", umbo la tatu la kitenzi cha kuimba: sing, sang, sung. Cha mbele ni "un-", kikanushi. Ukiviunganisha unapata kitu ambacho hakijaimbwa au mtu ambaye hakuimbiwa.

Hapa Mswahili ana mtego wake. Lugha yetu ina mnyambuliko wa kutengua: funga, fungua, kunja, kunjua. Tukiona "un-" tunaielewa hivyohivyo, kama kitu kilichofanywa kisha kikarudishwa nyuma. Na kweli Kiingereza kina "un-" ya namna hiyo katika "untie", kufungua fundo. Lakini ya "unsung" si hiyo. Wimbo haukuimbwa kisha ukafutwa, haukuwahi kuimbwa. Ndiyo maana mchezaji aliyevuma zamani na leo hakuna anayemkumbuka ni "forgotten", aliyesahaulika. Ukimwita "unsung" utakuwa umemnyang'anya hata makofi aliyokwisha kupigiwa.

Kwa hiyo hakuna kitenzi "to unsing". Hakuna "unsang" pia, ingawa naletewa kila mwezi. Na jihadhari na "unsinged": neno hilo lipo, ila linatokana na "singe", kubabua kwa moto, na maana yake ni kitu ambacho hakikubabuka. Kijana mmoja alimwandikia babu yake tanzia yenye "unsinged hero". Kwa bahati nzuri niliiona kabla haijaenda.

Mwanzoni neno lilikuwa na maana nyoofu tu. John Milton, mshairi Mwingereza, katika utenzi wake wa mwaka 1667, alisema nusu ya wimbo wake imebaki "unsung", yaani bado hajaiimba. Maana ya pili, ya mtu kukosa sifa anazostahili, inatokana na desturi ya kale ya Ulaya: matendo ya mashujaa yalihifadhiwa na waimbaji, na asiyetungiwa utenzi alizikwa na jina lake. Mshairi wa Uskochi, Walter Scott, mwaka 1805 alimtisha mtu asiyeipenda nchi yake kwamba atakufa bila kuliliwa, bila kuheshimiwa, na "unsung". Hilo si jambo geni kwetu. Wahehe walikuwa na ligombo, chombo cha nyuzi ambacho wazee walikipiga huku wakisimulia habari za watawala wao. Askari wa kawaida hakupigiwa ligombo.

Hatua ya 2: Litamke

Hii ni fupi. Irabu zote mbili zikaribie "a" yetu: an-sang. Mkazo uwe kwenye silabi ya mwisho, kinyume na Kiswahili kinachoweka mkazo kwenye ya pili kutoka mwisho. Na ile "ng" ya mwisho ni ya ng'ombe, si ya ngoma. Ukiitamka kama ya ngoma utajikuta unaongeza "i" nyuma, "ansangi", na msikilizaji atadhani ni jina la kijiji.

Hatua ya 3: Lipitishe kwenye jaribio la papa

Hii ndiyo hatua yenyewe, na ningekuwa na nafasi ya kukuachia moja tu ningekuachia hii.

Wahenga walisema: wavumao baharini papa, kumbe wengi wapo. Kila unapotaka kuandika "unsung", jiulize kama methali hiyo inaweza kukaa hapo. Ina masharti mawili, na neno letu lina yaleyale. La kwanza, huyo asiyevuma awe yupo kweli baharini, anafanya jambo lenye thamani. La pili, sauti yake isiwe imefika kwa watu inavyostahili. Likikosekana moja, tafuta neno jingine.

Tujaribu kwa mfano wa hapa nyumbani. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, wapiganaji wa Kihehe walikivamia na kukivunja kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, na Zelewski mwenyewe akauawa. Je, Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ni "unsung hero"? Hapana. Jina lake liko kwenye vitabu vya shule, fuvu lake lilirudishwa mwaka 1954 na liko Kalenga, na hata chuo kikuu kishiriki kimepewa jina lake. Mkwawa anavuma. Sasa, je, waliolala kwenye nyasi za Lugalo na mikuki yao wakisubiri? Hao ndio "the unsung heroes of Lugalo". Walikuwepo, walifanya kazi, na majina mengi hayakufika. Masharti mawili yametimia.

Mfano mwingine, wa chakula. Nenda soko lolote Dar es Salaam uulize mchele mzuri, utaambiwa wa Kyela. Mchele wa Kyela ni papa. Lakini bonde la Usangu, wilayani Mbarali, linalima mpunga mwingi ajabu, na mlaji wa Dar aliyeshiba huo mchele hamtaji mkulima wa Usangu hata kwa bahati mbaya. Unaweza kuandika: "The rice farmers of Usangu are largely unsung." Yaani wakulima wa mpunga wa Usangu kwa sehemu kubwa hawavumi. Sentensi imekaa vizuri, na mtu wa Mbarali akiisoma hatakasirika.

Jaribu na vibarua waliojenga reli ya TAZARA kati ya mwaka 1970 na 1975. Kipande cha Mlimba hadi Makambako kina mahandaki na madaraja ya kutisha. Viongozi waliozindua tunawajua. Waliochimba mlima, Watanzania, Wazambia na Wachina, wamebaki picha za pamoja zisizo na majina chini. "Unsung" hapo inaingia kama ufunguo.

Lakini mwizi wa kahawa za watu kule Mbozi, hata kama hajulikani kabisa, si "unsung". Hakuna anayedaiwa wimbo naye. Ukimwita "an unsung thief" unatania, na utani huo ueleweke kwamba ni utani. Vivyo hivyo kitu kisicho na sifa yoyote, kama stuli iliyovunjika mguu. Neno hili linabeba lawama ndogo kwa wengine: mlipaswa kumsifu na hamkumsifu. Pasipo deni, neno halina kazi.

Hatua ya 4: Liweke mahali pake katika sentensi

Mahali pake pa kawaida ni kabla ya nomino, tofauti na kivumishi cha Kiswahili kinachofuata nyuma. "An unsung hero", "unsung talent", "her unsung contribution". Zingatia ni "an", kwa sababu neno linaanza na sauti ya irabu. Nikiona "a unsung" najua mwandishi alikuwa na haraka.

Linaweza pia kukaa baada ya kitenzi, lakini si kila kitenzi kinalipenda. "He is unsung" si kosa, ila imekaa kikavu. Wenye lugha yao hupendelea "go" na "remain": "Her work went unsung for thirty years", kazi yake ilipita miaka 30 bila kusifiwa. Kile "went" kinawachanganya wanafunzi, wanauliza kazi ilikwenda wapi. Haikwenda popote. Ni kama sisi tunavyosema jambo "limepita" bila mtu kulitolea neno.

Kulipima, tumia "largely", "often", "relatively". "Very unsung" haipendezi sikioni. "One of the most unsung" inakubalika na utaikuta sana kwenye magazeti ya michezo, kwa beki asiyefunga magoli. Ukiweka "the" mbele bila nomino, "the unsung", inakuwa kundi zima: wasiovuma.

Kuhusu mwanamke: unaweza kuandika "unsung heroine", na ni sahihi. Mimi naandika "hero" kwa wote. Sababu yangu ni ya kidukani tu: "heroine" hutamkwa sawa na jina la yale madawa ya kulevya, na ukikosea herufi moja, ile "e" ya mwisho, cheti cha mama wa watu kinakuwa kesi ya polisi.

Hatua ya 5: Litenge na majirani zake

Kiingereza kina ukoo mzima wa maneno ya kutotambuliwa, na ndipo barua nyingi zinapoharibika. Nitayapitia yanayosumbua zaidi.

"Unknown" ni asiyejulikana, basi. Hakuna sifa wala lawama ndani yake. Mtu aliyepiga simu usiku ni "unknown".

"Unrecognised", ambayo Wamarekani huiandika kwa "z", ina pande tatu: sura isiyotambuliwa, kitu kisicho na idhini rasmi kama cheti cha chuo kisichosajiliwa, na mchango ambao haukutambuliwa. Upande huu wa tatu tu ndio unaogusana na "unsung". Chukua habari ya kipunji, kima wa msitu wa Rungwe. Wawindaji wa Kinyakyusa walimjua na walimwita kwa jina hilo. Watafiti walisikia habari zake kwao, wakamtafuta, na mwaka 2005 akatangazwa duniani kama aina mpya. Kabla ya hapo kipunji alikuwa "unrecognised by science". Hakuwa "unknown", maana wenyeji walimjua. Naye hakuwa "unsung" kwa maana yetu, kwani hakuna aliyemnyima sifa. Alikuwa mtini anakula majani yake. Nani basi ni "unsung" katika kisa kile? Wale wawindaji.

"Anonymous" ni aliyeficha jina au ambaye jina halikuwekwa. Mfadhili asiyetaka kutajwa ni "anonymous" kwa hiari yake. "Unsung" haina hiari. Ni wengine waliokunyamazia.

"Obscure" ni asiyejulikana sana, lakini pia ni kitu kisichoeleweka, chenye giza. Ukimwandikia mwalimu wako kwamba alikuwa "an obscure teacher" unaweza kuwa umesema hakueleweka darasani. Achana nalo kwenye tanzia.

"Underrated" ni tofauti ndogo ila muhimu: watu wanamjua, wanamtaja, ila wanampa thamani ya chini. Hifadhi ya Ruaha, ukiniuliza mimi, ni "underrated" kwa watalii waliokwisha kufika Tanzania, lakini kwa wale wa Ulaya ambao wamesikia Serengeti peke yake, ni "unsung". Neno hubadilika kwa kufuata masikio ya msikilizaji.

"Thankless" husemwa juu ya kazi, si mtu. "A thankless job", kazi isiyo na ahsante. Ukisema "a thankless man" umemwita asiye na shukrani, na hapo umeanzisha ugomvi.

"Unacknowledged" ni pale ambapo mchango ungepaswa kutajwa kwa maandishi au kwa kinywa na haukutajwa: aliyekusaidia utafiti ukamwacha kwenye shukrani. "Overlooked" ni aliyerukwa, kama kwenye kupandishwa cheo. Kazini mtu anaweza kuwa vyote viwili, na mara nyingi ndivyo ilivyo.

Hatua ya 6: Ukilirudisha Kiswahili, usiimbe

Sasa nirudi kwenye kosa langu. "Shujaa asiyeimbwa" siku hizi utaiona hata magazetini, na siwezi kusema ni kosa la sarufi. Shida yake ni kwamba kuimbwa kwa Mswahili kuna sura mbili. Unaweza kuimbwa kwa sifa, na unaweza kuimbwa kwa vijembe. Taarabu imejaa mipasho ya kumwimba jirani, na ngoma za vijijini nazo zilimwimba mvivu, mchawi na msichana mwenye maringo. Yule mpishi alipoimbwa ujanani alilia siku mbili, alinisimulia baadaye. Kwa mtu kama huyo, kutoimbwa ni amani.

Kiswahili tayari kina sauti yake ya sifa, nayo ni kuvuma. Ngoma huvuma, upepo huvuma, jina huvuma. Waingereza wameichukua picha hiyohiyo ya sauti wakaiweka kwenye wimbo. Sisi tumeiweka kwenye mvumo. Kwa hiyo mahali pengi nitatafsiri "unsung hero" kuwa "shujaa asiyevuma". Ikiwa kinachosisitizwa ni jina kuachwa kwenye orodha, "shujaa asiyetajwa" ni bora zaidi. Kwa kazi na si mtu, "kazi isiyopigiwa makofi" inaeleweka kuanzia soko la Mwanjelwa, Mbeya, hadi Makambako. Kwa kipaji, "kipaji kilichojificha" ni kosa la kawaida: hicho ni "hidden talent", bado hakijaonekana. Kipaji kilicho "unsung" kimeonekana kabisa, watu wamekaa kimya tu.

Njia ya kurudi nayo ina mtego: usitafsiri kila "asiyejulikana" kuwa "unsung" ili kupamba. Kaburi la askari asiyejulikana ni "unknown", kwa sababu tatizo ni jina, si sifa.

Hatua ya 7: Chagua pa kulitumia

Kwenye tanzia na hotuba za kuaga linafaa, mradi ufuatishe ushahidi. "He was an unsung hero" ikisimama peke yake ni maneno ya kadi ya duka. Imechakaa. Iandikie kazi yake: alibeba magunia ya viazi ya lumbesa pale Mwanjelwa miaka ishirini na akasomesha watoto wanne. Baada ya hapo unaweza hata usilihitaji neno.

Kwenye barua ya kumpendekeza mtu liweke mara moja tu, na lilenge mchango: "her unsung work with first-year students". Msomaji ataelewa kwamba wewe, mwandishi, ndiye unayeziba pengo.

Kwenye barua yako ya kuomba kazi usijiite "unsung". Nimewahi kuletewa: "I am an unsung accountant." Maana yake kwa mwajiri ni mtu anayenung'unika kabla hajaajiriwa. Sifa hii hutolewa na mwingine, kama jina la utani.

Kwenye maelezo ya utalii linauza, na hapa kusini tunalo la kuliuzia. Kijana anayeongoza wageni Isimila, kilometa kama 20 kutoka Iringa kwa barabara ya Mbeya, aliniletea maandishi yake yakisema: "Isimila is a unsang place where very unsung people made stone tools." Tulikaa nayo nusu saa. Sentensi ya kwanza ikawa: "Isimila is one of the unsung treasures of southern Tanzania." Ya pili tukabishana. Yeye alitaka waliochonga zana zile za mawe wabaki "unsung". Nikamwambia, mdogo wangu, hao waliishi mamia ya maelfu ya miaka iliyopita, hakuna awezaye kudaiwa wimbo wao, waite "unknown". Akanijibu kwamba wageni huwa wanashika lile shoka la mawe na kusema "wow", na kwamba ule ni wimbo uliochelewa. Tukaliacha "unsung". Bado nadhani nilikuwa sahihi, ila brosha ni yake.

Kuna swali ambalo mwanafunzi mwerevu huliuliza mwishoni: ukishampa mtu tuzo ya "unsung hero", si ameshaimbwa? Ndiyo, kimantiki neno linajiua lenyewe siku ya sherehe. Waingereza wenyewe hawajali, wanatoa tuzo hizo na kupiga makofi. Ukitaka kuwa makini, ongeza neno la muda: "long unsung", asiyevuma kwa muda mrefu, yaani mpaka leo hii.

Hicho ndicho nilichokiweka kwenye cheti cha pili cha yule mama. Nilikichapa upya kwa gharama zangu, nikampelekea kwake Kihesa. Juu nilibadilisha Kiingereza kuwa "our long unsung hero", na chini: "Kwa shujaa wetu ambaye kwa miaka mingi hakuvuma, na aliyetulisha." Akavaa miwani, akasoma sehemu ya Kiswahili mara mbili, ya Kiingereza akairuka. Kisha akauliza fremu yake inauzwa shilingi ngapi.